Mwendo wa Saa Mbili

Troyeville, Johannesburg
14 Januari 2024

Dada Tabia,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, Fauzia mzima, na mvua ya huku imenyesha wiki nzima mpaka bati la karakana linamwagia maji magari ya wateja. Fauzia anakusalimu. Barua zako nikimsomea anazielewa, anacheka palepale pa kuchekea, lakini nikimwambia amwandikie shangazi yake mstari mmoja ananijibu kwa Kiingereza kwamba atakosea. Watoto waliozaliwa huku ndivyo walivyo, Kiswahili kinaingia masikioni, hakitoki mdomoni.

Kazi ipo ya kusukumia siku. Hapa Jeppestown sasa kila mlango una fundi, na sisi wageni tunaletewa magari yaliyowashinda wenyeji. Juzi nimefunga breki za teksi iliyokuwa ikifika kwenye roboti, hizi taa za barabarani, inasimama kwa kugonga iliyo mbele yake. Eish, dada, watu wana roho ngumu.

Sasa lile jambo. Barua yako ya mwisho ilikuwa na mstari mmoja wa maana, nao umeuficha chini kabisa, baada ya habari za kuku wa jirani. Umeandika kwamba unataka kufika kwenye kaburi la Nassir kabla macho hayajakuishia. Nimeusoma mstari huo nikaweka spana chini. Mwezi wa sita inatimia miaka miwili tangu mwanao afie kule kwenye milima ya India, mtoto aliyekwenda kusoma akaishia kuzikwa na watu wema wasiomjua hata babu yake. Mimi mjomba wake ndiye niliyepaswa kuingia mwanandani kumpokea. Siku ile nilikuwa chini ya Corolla hapahapa Jeppe, sina habari.

Basi tunakwenda. Mimi na wewe, mwezi wa saba, theluji ikiwa imeyeyuka na njia ziko wazi. Nimempata mtu kule Fordsburg anauza shali na mablanketi, kwao ni Kargil, mji wa mwisho kabla ya kufika huko. Kijiji cha Panikhar, alikozikwa Nassir, anakijua nyumba kwa nyumba. Amenichorea njia nzima nyuma ya kalenda. Ndege mpaka Delhi, hapo tunakodi gari, tunapanda Jammu, tunapanda Srinagar, tunavuka mlango wa milima unaoitwa Zojila, tunalala Kargil, halafu tunafuata bonde la mto Suru mpaka Panikhar. Usukani nashika mimi. Miaka yote hii natengeneza magari watu waende safari zao, na mimi nataka yangu moja.

Wewe kazi yako ni mashahidi ya kaburi. Nasikia walimwekea mawe ya mtoni tu, kichwani na miguuni. Tengenezesha ya mbao nzuri, yenye jina lake, tukayasimike wenyewe.

Karatasi zangu za ukaazi ziko ofisini zinasubiri. Hilo usiniulize, nitajua la kufanya. Ningekupigia simu tungemaliza haya kwa dakika tano, lakini najua tangu siku ile simu hushiki, na mimi sikulazimishi. Samira wa nguo anaondoka na basi Jumatano, atakuletea hii pamoja na miwani.

Mdogo wako,
Shehe


Ngamiani, Tanga
20 Februari 2024

Shehe mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Miwani imefika. Ni ya kiume, nikiivaa naonekana kama karani wa forodha, lakini tundu la sindano naliona tena. Hapa hatujambo. Joto limetukaba, umeme unakuja na kuondoka unavyotaka, na yule jirani wa kuku kanishitaki kwa mjumbe kwamba namloga jogoo wake. Nikamwambia mjumbe, ningekuwa najua kuloga ningeanza na mwenye jogoo. Mikate ya kumimina inakwenda, maana harusi ni nyingi kabla ya Ramadhani, kila mtu anataka kufunga mwezi akiwa na wa kumpikia futari.

Fauzia mwambie aandike na akosee. Mimi mwenyewe darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa.

Unaniandikia habari za milima kana kwamba sijawahi kuona kichuguu. Lushoto nimepanda na kikapu kichwani na mimba ya Nassir tumboni, na huko nitapanda. Umesema tunakwenda, nami neno lako nimelishika, Shehe, usije ukaniachia mkononi. Sina tena jambo ninalolitaka duniani isipokuwa hilo. Nikifika nikakaa chini ubavuni mwake, nikamwita jina lake akasikia kwamba mama amefika, macho yakifunga siku ya pili nitashukuru.

Mashahidi yamekwisha. Kayachonga seremala wa barabara ya kumi na mbili, mninga mtupu, na jina kalichimba kwa patasi, halifutiki. Aliniuliza kaburi liko wapi ajue aache kimo gani cha kuzamisha ardhini. Nikamwambia India. Akanitazama, kisha akaendelea kupiga randa. Nimempa Samira akuletee wewe, maana mizigo mirefu unajua kuifunga.

Habari ya ile simu hujapata kuniuliza, na mimi sikupata kukueleza, wewe uliambiwa tu kwamba aliugua ghafla, lakini kwa kuwa tunakwenda pamoja nataka ujue kila kitu. Alinipigia jioni, kwa simu ya mwenye mahema, huko juu panapoitwa Rangdum, walikokwenda kutembea na wenzake wa chuo. Akaniambia, mama, kichwa kinapasuka, nimetapika, nasikia baridi mpaka kwenye mifupa. Nikajua. Nikamwambia, hiyo malaria mwanangu, umetoka nayo, imekuvizia mpaka huko. Akasema wenzake wanataka kumteremsha bondeni saa ileile. Nikamkataza. Nikamwambia mgonjwa wa malaria hatikiswi garini, meza ile dawa ya mseto niliyokutilia sandukuni, jifunike, lala. Akasema, haya mama. Nikamsomea dua kwenye simu, nikasikia pumzi yake inatulia.

Asubuhi simu ikalia, namba ileile. Nikapokea kwa furaha, nikidhani ni yeye kaamka. Alikuwa mwenzake, analia. Wakamteremsha asubuhi hiyohiyo, na adhuhuri walikuwa wamekwisha mzika Panikhar, kijijini kwa huyo mwenzake. Simu nikaitia kabatini, na mpaka leo iko humo.

Watu wananiuliza, Tabia unalalaje. Ninalala kwa sababu mwanangu alilala kwa sauti ya mama yake. Alinitii, akajifunika, hakuhangaika. Malaria imeua wengi, na wengi wao wamekufa hawana wa kuwaambia lala. Hicho ndicho nilichobakiwa nacho, na kinanitosha.

Niandikie siku ya safari nianze kuwaaga watu.

Dada yako,
Tabia


Troyeville, Johannesburg
3 Machi 2024

Dada Tabia,

Salamu nyingi. Jibu lako sijaliona. Samira kanitumia ujumbe kwamba basi lao limekwama mpakani Beitbridge, mizigo yote imeshushwa chini inakaguliwa, hajui watavuka lini. Mimi siwezi kungoja, nimejaa habari. Kwa hiyo hii nampa Adamu, mwenzangu wa karakana, mtu wa Muheza, anapanda ndege kesho kwenda kuoa. Atakupa mkononi kwako.

Fauzia ameanza darasa la mwisho na ananiamuru kama wewe. Yeye ndiye anayenitafutia ramani kwenye simu yake. Kila Jumamosi nikifunga kazi nakwenda Fordsburg kwa mtu wa shali, tunakunywa chai yao ya chumvi. Ndiyo, chumvi, na wewe utainywa ukae kimya. Njia sasa naiona nikifumba macho. Kule Zojila ni tope, ukuta wa mlima upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu, magari yanapishana vioo vikigusana. Ukishavuka, milima haina mti hata mmoja, ina rangi ya mkate uliokauka, na chini yake mashamba ya shayiri mabichi kabisa. Kaburi liko juu kidogo ya mto. Anasema ukikaa pale utayasikia maji.

Nimeongeza jambo moja. Tukitoka kaburini tunapanda mpaka Rangdum, pale alipofia, ukapaone. Hapo ndipo nakuomba unisikilize, maana ubishi wako naujua. Kule juu hewa ni nyepesi, na mtu wa pwani akipanda haraka anashikwa na ugonjwa wa mwinuko. Mimi nina nafuu kidogo, Jozi hapa, Johannesburg yenyewe, iko juu, nilipofika hapa mwaka wa kwanza nilikuwa nahema kwenye ngazi. Wewe unatoka usawa wa bahari. Fauzia kanisomea, na mtu wa shali kathibitisha, kwao hata watoto wanaujua. Kichwa kinapasuka, unatapika, unasikia baridi. Ukiona hivyo, dada, usilale. Anasema watu wa nchi za joto wote hudhani ni malaria, wanameza vidonge vyao, wanajifunika, na asubuhi hawaamki. Vidonge havisaidii kitu. Dawa ni moja tu, kushuka, saa hiyohiyo, hata kama giza limeingia. Ukishuka unapona, unabaki kushangaa kama ni wewe uliyekuwa unaumwa.

Kwa hiyo usiwe na hofu. Kutoka Rangdum kuteremka mpaka Panikhar ni mwendo wa saa mbili tu kwa gari, njia iko wazi kiangazi chote, na dereva ni mimi. Ukisema kichwa tu, nageuza gari.

Adamu anapiga honi nje. Niombee dua, na mashahidi usisahau.

Mdogo wako mwenye furaha,
Shehe


Troyeville, Johannesburg
19 Machi 2024

Dada yangu,

Ramadhani njema. Samira kafika jana karibu na futari, amekonda, miguu imemvimba kwa kulala juu ya mizigo. Kanipa mashahidi na barua yako. Mashahidi ni mazuri mno, nimeyasimamisha nyuma ya mlango wa chumba changu.

Nakuomba kitu. Adamu atakuletea bahasha, au pengine amekwisha ileta. Usiifungue. Mle nimeandika vipimo vya njia na mambo ya magari, na vingi nimevikosea, utachanganyikiwa bure. Washia jiko la mikate. Kama umekwisha ifungua, usiisome yote. Na kama umekwisha isoma, jua kwamba niliandika mbiombio, Adamu yuko nje na honi yake, na yale ya magonjwa niliyasikia kwa mtu wa shali, ambaye nimekuja kugundua ni mwongo. Anauza shali za kiwandani anaapa zimefumwa kwa mkono.

Barua yako nimeisoma. Kuhusu ile simu, ulimwambia Nassir alichostahili kuambiwa. Mimi ningemwambia hivyohivyo. Mtu yeyote wa kwetu, mtoto wake akisema kichwa na baridi, angemwambia hivyohivyo, Tanga nzima, Pangani nzima. Malaria ni malaria popote inapomkuta mtu. Na Fauzia pia anasema hivyo.

Habari nyingine sina. Hii nampa dereva wa basi, ameapa kwamba hatalala njiani. Nijibu haraka, hata mstari mmoja, hata kama ni wa kuniambia hujambo.

Mdogo wako,
Shehe


Troyeville, Johannesburg
2 Juni 2024

Dada Tabia,

Sijui nianzie wapi, nasalimia mlango uliofungwa. Sisi wazima. Baridi imeanza, asubuhi majani ya kule bustanini yanakuwa meupe kwa barafu, na mikono yangu haishiki spana mpaka jua lipande. Uchaguzi wa huku umepita na karakana haikuguswa na wanaotaka wageni tuondoke. Wiki ile tulikuwa tunateremsha milango mapema, na Fauzia nilimkataza kusema Kiswahili barabarani, jambo ambalo kwake si gumu.

Adamu amerudi na mkewe. Sikumuuliza, kasema mwenyewe. Kasema alikufikia kabla ya Ramadhani, ukamkaribisha vizuri, ukamtilia haluwa kwenye sahani, ukaisoma barua umesimama mlangoni kwa ajili ya mwanga. Ulipofika mwisho ukarudi mwanzo. Halafu ukaingia ndani. Akangoja, akala haluwa yote, hukutoka. Akaaga ukuta, akaondoka.

Tangu aniambie hivyo nimekuandikia barua tatu na zote nimezichana.

Safari ya mwezi wa saba haipo tena, dada. Ofisini wameniambia nikivuka mpaka kabla karatasi hazijatoka, sirudi, na Fauzia yuko darasa la mwisho, mji huu simwachii. Hiyo ndiyo sababu. Nataka uijue kwamba hiyo ndiyo sababu na hakuna nyingine. Hata mwakani sioni, maana kila nikienda wananiambia nirudi. Kalenda yenye njia nimeitoa ukutani. Mtu wa shali nikipita mbele ya duka lake navuka barabara.

Mashahidi bado yako nyuma ya mlango. Fauzia alitundika sweta lake la shule juu ya moja, nikamgombeza mpaka akalia, na hakuwa na kosa, hakujua ni nini.

Samira anasema alikuona sokoni ukampita bila kumsalimu. Nimemwambia ni macho. Niandikie, dada. Niandikie hata matusi, nitayasoma.

Shehe


Ngamiani, Tanga
10 Agosti 2024

Shehe,

Waalaykum salaam. Barua zako zote zimefika. Jirani wa kuku amefariki, Mungu amrehemu, na jogoo wake amehamia kwangu, anawika wakati asioujua mwenyewe. Mikate nimeacha, moshi unanichosha macho. Jicho la kushoto limefunga kabisa, la kulia lina ukungu. Daktari anasema hakuna cha kupasua wala cha kushona. Binti wa jirani aliomba aniandikie barua hii nikamkatalia, ndiyo maana unaona mistari inapanda ukuta.

Pole kwa karatasi. Sikukasirikia safari. Fauzia asiachwe peke yake, na asigombezwe kwa ajili ya vipande vya mbao.

Barua ya Adamu niliisoma. Ile ya kunikataza ilikuja baadaye, Ramadhani imefika kati. Umeiandika vizuri ile ya kwanza, kila kitu kinaeleweka, hata mimi wa darasa la saba nimeelewa. Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu naandika salamu, na baada ya salamu sioni neno.

Mwezi wa sita nilifanya khitma ya Nassir. Watu wakaja wengi, wakasoma, wakala pilau, wakasema yaleyale wanayosema siku zote, malaria haina huruma, malaria haina mtoto wala mkubwa. Nikawa naitikia amina. Nilipikia watu waje waniambie hivyo, na waliponiambia nilitaka kuwafukuza.

Silali, Shehe. Nakwambia wewe, mwingine sijamwambia.

Nina swali moja, na usinizungushe kama unavyowazungusha wateja wako. Wenzake walitaka kumteremsha jioni ile, na gari lilikuwepo. Nataka kujua, kama wangemteremsha, angefika? Muulize yule mtu wa shali. Nijibu hilo tu, habari nyingine zote zingoje.

Dada yako,
Tabia


Troyeville, Johannesburg
8 Septemba 2024

Dada yangu Tabia,

Assalaam alaykum, na heri ya Maulidi ya Mfungo Sita. Fauzia ana mitihani, analala juu ya vitabu. Mke wa Adamu ni mjamzito, Adamu anatembea kifua mbele kana kwamba mimba ni yake yeye. Baridi imevunjika na miti ya Troyeville imeanza kuchipua. Naandika haya kwa kuchelewesha, unanijua.

Nimekwenda Fordsburg. Nilikaa kwa mtu wa shali mpaka wateja wakaisha, ndipo nikamuuliza kama ulivyoniagiza. Jibu ni hili. Asingefika. Mwaka ule theluji ilichelewa kuyeyuka, mto ulifurika ukachukua daraja, na njia yote ya kuteremka ikawa imefungwa. Hata gari lingewaka, hata dereva angekuwa mimi, wangekwama katikati ya giza, akafia garini kwenye baridi, anatikiswa, hana wa kumwambia neno. Bora alivyolala kwenye blanketi baada ya kukusikia. Zile saa mbili nilizokuandikia ni za siku hizi, wamejenga barabara mpya. Wakati ule ilikuwa mbali. Ni mbali sana, dada, hujui ni mbali kiasi gani.

Nilimuuliza mara ya pili akasema vilevile. Na si mwongo yule mtu. Ya shali nilimsingizia.

Kwa hiyo ulilomwambia na usilomwambia, yote yangekuwa mamoja. Lala, dada yangu. Nakuomba.

Mashahidi nayafuta vumbi kila Ijumaa nikitoka msikitini. Fauzia nimemweleza ni nini. Anasema mstari wa mwisho ataandika yeye.

Mdogo wako,
Shehe

Shangazi. Mimi Fauzia. Mimi nakupenda wewe. Mimi nasema pole sana.


Ngamiani, Tanga
25 Oktoba 2024

Shehe mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Usishangae herufi kuwa kubwa, ndizo ninazoziona. Fauzia mwambie hakukosea hata neno moja. Mstari wake nimeusoma mwenyewe, karatasi nimeigusisha pua.

Vuli imeanza hapa. Jogoo nimemchinja, nikawapelekea nusu watoto wa marehemu, maana kwa haki ni wao.

Mashahidi usiyarudishe, huku sina pa kuyasimika. Usiyatupe pia. Karatasi zako zikitoka, hata kama ni miaka kumi, nenda nayo, umsimikie mwanangu, umwambie mama yake alikuwa njiani. Mimi usinihesabu kwenye gari.

Jibu lako limefika, nimekaa nalo siku nyingi. Shehe, simu ile ilinililia asubuhi, na adhuhuri walikuwa wamekwisha mzika Panikhar. Walimteremsha kwa gari lilelile, kwa njia ileile. Nilikuandikia mwenyewe kwa mkono wangu, na wewe umesoma. Lakini sikukutuma ukaniletee hesabu. Nimekutuma ukaulize, umekwenda, umeuliza, umerudi na jibu, na fundi wa magari ni wewe, mimi najua mikate.

Barua yako nimeiweka chini ya mto. Nikiamka usiku naishika tu, kuisoma siwezi, lakini najua imeandikwa nini. Ni mbali, umesema. Basi, mdogo wangu, ni mbali.

Dada yako,
Tabia